Wimbo wa Jamvi

Sauti ya mama yangu ilinaswa kwenye kanda mara moja tu, tena katikati ya wimbo wa roki wa vijana wa Ulaya ambao sikujua jina lao wala jina la wimbo wenyewe. Baada ya kiitikio cha pili, magitaa yanaponyamaza na mpiga ngoma akabaki peke yake, mama anasikika kutoka uani akisema, "Iwe, ija." Ni Kihaya, maana yake wewe, njoo. Anatulia kidogo, anarudia. Kisha linasikika jamvi likiburutwa, mvua inaanza kupiga mabati, na vijana wale wanaendelea na wimbo wao kana kwamba hakuna mtu aliyeita.

Kanda hiyo haipo tena. Nalisema mapema ili msomaji asikae akisubiri iokotwe chini ya kitanda cha mtu fulani kwenye ukurasa wa mwisho. Maneno ya mama ninayo, hayo hayaniponyoki. Sauti ndiyo imeanza kunitoka, na hilo linaniuma kuliko nilivyodhani jambo la namna hiyo linaweza kumuuma mtu mzima mwenye duka na wateja.

Watu huniuliza, kwani simu zote hizi hazikumnasa? Hazikumnasa. Mama alikuwa na kitochi, simu yake ndogo ya kubonyeza, na alipopiga alizungumza haraka kama mtu anayeteketeza mali ya mwenzake. Ukimwelekezea simu yenye kamera alifunika mdomo kwa khanga. Ipo video ya harusi ya kaka yangu, mama anacheza ndani yake, anafungua mdomo, anasema jambo kwa shangazi na wote wawili wanacheka. Kilichosikika ni tarumbeta tu. Nimeitazama video hiyo mara nyingi mno nikijaribu kusoma midomo, na nimeishia kuwachukia wapiga tarumbeta wote wa mkoa wa Kagera, watu ambao hawajanikosea kitu.

Nyumbani kwetu ni Kamachumu, juu kule kwenye kilima, kwenye migomba na kahawa. Zamani hizo, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, redio za Dar es Salaam zilitufikia kwa taabu, lakini za Uganda zilivuka ziwa bila kizuizi zikaingia sebuleni kwetu kana kwamba mtangazaji amekaa kwenye kochi la baba. Kulikuwa na stesheni moja iliyokuwa na kipindi cha Jumapili mchana, baada ya misa, cha roki na jamaa zake: zile nyimbo za magitaa makavu, fupi, zilizopigwa na vijana wembamba ambao hawakuonekana kuwa na hela ya studio nzuri. Mwimbaji alisikika kama anaimbia ndani ya ndoo. Kaka yangu alizipenda nyimbo hizo hadi alisahau kula, na mimi nilimpenda kaka yangu, basi nikazipenda.

Katekista wetu aliziita kelele za shetani. Baba aliziita kelele tu, bila kumsingizia mtu. Mama hakuziita chochote, lakini nilimsikia akivumisha wimbo mmojawapo huku akimenya ndizi, na alipoona nimemsikia akaugeuza ukawa wimbo wa kanisani. Hata leo sijui aliwezaje, maana mapigo hayalingani kabisa.

Kazi yetu Jumapili mchana ilikuwa kulinda kahawa. Kahawa ilianikwa uani juu ya jamvi kubwa, na anayelinda anafukuza kuku, anaigeuza kwa miguu ili ikauke sawasawa, na anatazama mbingu. Mbingu ya kwetu si ya kuaminika, mvua hutoka ziwani bila hodi. Kwenye kona ya jamvi hilohilo mama alianika na vitu vingine vyote vilivyohitaji jua. Betri za redio zilizochoka zilipangwa pale zipate nguvu, na zilipata kweli, za kutosha kipindi kimoja. Viatu vilivyoloa, vitabu vilivyolowa kwa paa linalovuja, hata cheti cha ubatizo cha kaka kiliwahi kukaa pale kikiwa kimebanwa na mawe manne, katikati ya kahawa. Nyumbani kwetu kitu kikilowa hakina mjadala, kinapelekwa juani. Naomba msomaji alikumbuke hili.

Namna yetu ya kurekodi ilikuwa ya kimaskini na ninaionea fahari. Redio ndogo ya baba ilishika mawimbi vizuri lakini haikuwa na sehemu ya kanda. Kinasa sauti cha kaka, alichopewa na mjomba, kilikuwa na sehemu ya kanda lakini upande wake wa redio ulikufa zamani. Basi tuliviweka mezani vikitazamana, mdomo kwa mdomo, kama wagomvi waliolazimishwa kupatana. Redio ikiimba, kinasa sauti kinasikiliza. Tatizo ni kwamba kilisikiliza kila kitu. Ndiyo maana sheria ya kwanza ya kurekodi ilikuwa kimya. Kaka aliweka kidole mdomoni, na tangu hapo hadi wimbo uishe hakuna kupiga chafya, hakuna kuburuta kiti, hakuna kuitika "Ee, waitu", jibu letu la heshima kwa mkubwa anayekuita, hata ukiitwa na nani.

Kimya chetu hakikuisaidia nyumba. Jogoo aliwika, baba alikohoa, mlango wa jikoni ulilia, na vyote vikaingia kwenye kanda pamoja na magitaa. Mwanzoni kaka aliona vinamharibia. Baadaye tukavizoea, halafu tukaanza kuvisubiri. Kwa kuwa majina ya nyimbo mara nyingi yalimezwa na mkwaruzo wa mawimbi, tulizibatiza wenyewe kwa vilivyomo. Kulikuwa na Wimbo wa Jogoo, Wimbo wa Kikohozi na Wimbo wa Mlango. Wimbo wa Kikohozi ulikuwa mtamu sana, baba alikohoa mahali penyewe hasa, kabla ya kiitikio, utadhani amelipwa.

Kipindi kile kilikuwa na chemsha bongo. Mtangazaji aliuliza mambo ya nyuma ya pazia: mpiga besi wa bendi fulani alikuwa akifanya kazi gani kabla ya kuwa maarufu, albamu fulani ilirekodiwa kwenye jengo gani la ajabu, mwimbaji fulani aliimba wimbo wote akiwa na mafua na kwa nini hawakurudia. Wasikilizaji wa Kampala walipiga simu na kujishindia fulana. Sisi hatukuwa na simu. Kaka aliipigia redio kelele jibu lake, na alipatia. Sikumbuki kama aliwahi kukosa. Alihifadhi mambo yale kama wengine walivyohifadhi katekisimu, neno kwa neno, na hakuna mtu aliyewahi kumwambia hongera isipokuwa mimi, ambaye sikuhesabika kwa sababu nilikuwa mdogo na nilikuwa pale pale.

Kisha sisi wawili tukatunga chemsha bongo yetu. Ni wimbo upi jogoo anawika mara mbili? Ni upi mlango unalia kabla ya gitaa? Baba anakohoa mara ya kwanza kwenye neno gani? Maswali hayo hakuna mtu Kampala wala London ambaye angeyajibu, na tulijiona matajiri kwa ajili hiyo. Tuliulizana tukienda kuchota maji, tukichambua senene mabawa na miguu msimu wao ulipofika, hata kanisani kwa kunong'onezana, hadi shangazi akatutenganisha akanikalisha mimi kwa wanakwaya.

Wimbo wa Jamvi ulirekodiwa siku ambayo mbingu ilikuwa nyeupe kabisa wakati kipindi kinaanza. Kahawa ilikuwa nje. Mama alikuwa jikoni, na zamu ya kulinda ilikuwa yetu, lakini tulikuwa tumekaa ndani mlangoni ambapo unaweza kuwaona kuku na kusikia redio kwa wakati mmoja. Mtangazaji akasema sasa unakuja wimbo mpya, akataja jina, mawimbi yakalitafuna jina. Kaka akabonyeza, akaweka kidole mdomoni. Wimbo ulianza taratibu na gitaa moja. Kiitikio cha kwanza kikaja, tukatazamana, maana ulikuwa mzuri kupita yote tuliyowahi kunasa. Na hapo katikati mama akatoka jikoni, akaiona mvua inashuka kutoka upande wa ziwa, akaita. Iwe, ija. Alimwita yeyote aliye karibu. Jamvi la kahawa haliburutwi na mtu mmoja, ni zito, linahitaji mmoja huku na mmoja kule.

Kidole cha kaka kilikuwa mdomoni. Na mimi sikuinuka.

Aliita tena, halafu akalivuta mwenyewe hadi kibarazani. Alipoingia, khanga imemganda mgongoni, wimbo ulikuwa umekwisha na kaka tayari anarudisha kanda nyuma. Nilikuwa nimejiandaa kugombezwa. Mama akajipangusa uso, akauliza, "Mmemaliza?" Kaka akasema tumemaliza. "Umetoka vizuri?" Kaka akasema umetoka vizuri sana, ila umeingia ndani yake. Tukamchezea. Aliposikia sauti yake inatoka kwenye mashine alifunika mdomo kwa khanga ileile iliyolowa, akacheka hadi akakaa chini. Tangu Jumapili hiyo, kabla ya kipindi kuanza, alitoka uani akaitazama mbingu kwanza, ndipo akatuambia tuendelee. Hakuwahi kulisema tena. Laiti angetugombeza, pengine leo lingekuwa limeshasahaulika.

Miaka ikaenda. Mimi nikaolewa Bukoba mjini, nikafungua duka la sare za shule, na hadi leo nashona na kuuza sketi za samawati kwa watoto wanaokua haraka kuliko wazazi wao wanavyopenda. Kaka alijifunza ufundi wa injini za boti akaenda Goziba, kisiwa kilicho mbali huko katikati ya ziwa, ambako wavuvi wamejaa na mafundi ni wachache. Alichukua kinasa sauti na kanda zote. Sikupinga. Mimi wakati huo nilikuwa na mtoto mchanga na nyimbo za magitaa zilikuwa mbali na akili yangu. Niliona kanda ni zake, maana kidole kilikuwa chake. Sikufikiria hata siku moja kumwomba anitengenezee nakala ya ule mmoja. Mama alikuwa hai, yuko Kamachumu, nikitaka sauti yake napanda gari asubuhi, mchana niko naye. Nani hurekodi mvua wakati inanyesha kila siku?

Mama alifariki wakati wa kiangazi, na tukamzika kwenye kibanja, pale migomba inapokutana na mibuni, kando ya baba. Siku za matanga nyumba ilijaa watu, nyasi zimetandazwa sakafuni, kibakuli cha kahawa za kutafuna kinazunguka. Nilimvuta kaka nyuma ya jikoni nikamuuliza juu ya kanda. Akaniambia iko salama kisiwani. Lakini alisema huku anaangalia miguu yake, na mtu akiangalia miguu yake wakati wa matanga unamwachia, unadhani ni majonzi.

Niliuliza tena kwa simu baada ya mwezi. Mtandao ukawa mbaya. Nikauliza wakati wa Krismasi, akaniambia yuko mwaloni, kwenye maboti, anapakia mzigo, atanipigia. Nikaona sasa huyu ananizungusha. Mwishowe alikuja mwenyewe dukani, bila taarifa, amebeba begi dogo. Akasubiri mteja atoke. Akaweka mezani, juu ya kitambaa cha sare, kitu ambacho ilinichukua muda kukitambua. Kilikuwa kanda, lakini imejikunja kama kipande cha ngozi kilichosahauliwa motoni. Utepe wake ulikuwa umeshikana.

"Ilikuwa zamani," akasema. "Mama alikuwa mzima."

Alikuwa akivuka kutoka Muleba kurudi kisiwani, boti ikapigwa na wimbi karibu na kisiwa cha Bumbire, begi likalowa. Alipofika Goziba alifanya kile ambacho mtoto yeyote wa nyumba yetu angekifanya. Alizitoa kanda zote, akazipangusa maji, akazipanga juani, juu ya nyavu wanazoanikia dagaa, jua la kisiwa ambalo halina mgomba wa kulikinga. Kisha akaitwa kwenye injini. Aliporudi jioni zilikuwa zimeshalegea. Alisema alikaa pale kati ya dagaa akishindwa hata kuzigusa.

"Ningefanyaje?" akaniuliza. "Zimelowa. Kitu kikilowa unakipeleka wapi?"

Mimi pia ningezipeleka juani. Hilo ndilo lililonikasirisha. Ingekuwa amezembea, amezipoteza kwenye ulevi, amezikopesha kwa mtu, ningempasulia ukweli na roho ingetulia. Lakini alizitunza. Alizitunza kwa mkono wa mama mwenyewe, na mkono huo ukaziua. Nilinuna. Nilinuna muda mrefu, salamu zetu zikawa za habari za watoto na bei ya dagaa. Kwa mara ya kwanza tangu utoto wetu hatukuulizana swali hata moja la nyimbo.

Kwa fundi redio wa mjini nilikwenda, hilo msidhani sikulifanya. Aliuhamishia utepe kwenye ganda jingine kwa uvumilivu mkubwa. Kilichotoka kilikuwa mngurumo mrefu kama wa ng'ombe kisimani, kisha utepe ukakatika. Fundi akaniambia pole. Nikamwambia asante, nikatoka nikasahau mwavuli wangu pale na sikuurudia.

Basi nikaanza kuutafuta wimbo wenyewe. Nilijua mama hayumo kwenye wimbo unaouzwa duniani, sijapungukiwa akili kiasi hicho. Lakini nilijiambia kwamba sauti yake nimeihifadhi mahali fulani kichwani, na wimbo ule ndio mlango wake. Nikiusikia tena, ukifika baada ya kiitikio cha pili, sauti itatoka yenyewe kama zamani. Nilishikilia wazo hilo kwa nguvu zote. Wengine wana misalaba yao.

Jaribu kutafuta wimbo usioujua jina wala mwimbaji, na lugha yake uliisikia nusu. Niliipigia simu yangu mluzi, ile programu inayojidai kutambua nyimbo, ikaniletea tangazo la sabuni. Nikaimba, ikaniletea kwaya ya Wanigeria. Binti yangu, ambaye ana subira ya baba yake, alikaa na mimi tukapitia orodha ndefu mitandaoni, na nikagundua kwamba nyimbo za vijana wembamba wenye magitaa makavu za miaka ile ni nyingi kuliko mchele. Niligundua na mambo mengine. Ile habari ya mwimbaji mwenye mafua ilikuwa ya kweli. Ile ya mpiga besi haikuwa kweli, mtangazaji wetu alitia chumvi. Nilitaka kumpigia kaka nimwambie, nikakumbuka kwamba nimenuna.

Aliyetupatanisha ni kijana mmoja asiyejua hata kama tuligombana. Amesoma nje kidogo, amerudi Bukoba, na Jumapili mchana huendesha chemsha bongo ya muziki kwenye mgahawa ulio karibu na ufukwe. Binti yangu alinionyesha tangazo: Jumapili hii, roki na indie za zamani, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Indie ndizo zile zetu za magitaa makavu. Neno "za zamani" lilinichoma. Zamani ya nani? Lakini nilimpigia kaka siku hiyohiyo. Sikusalimia vizuri. Nilimwambia, "Ni wimbo upi jogoo anawika mara mbili?"

Nilisikia injini ikinguruma nyuma yake, kisha ikazimwa.

"Hawiki mara mbili," akasema. "Ya pili ni ya jogoo wa jirani."

Akaja. Alivuka na boti ya mizigo, akafika amevaa shati la kitenge lililopigwa pasi, mikono imesuguliwa lakini oili haitoki kwenye kucha za fundi. Tulikaa meza ya dirishani. Vijana walikuwa wengi, na aliyekuwa akiuliza maswali akaja kutusalimu kwa heshima zote. "Shikamoo mama, shikamoo mzee. Mmekuja kula au mmekuja kushindana?" Kaka akamwambia tutaona.

Tulishindana. Naandika haya kwa majivuno, mtanisamehe. Kijana aliuliza albamu ipi ilirekodiwa kwenye jengo la ajabu, kaka akainua mkono kabla swali halijaisha. Akauliza ya mwenye mafua. Akauliza bendi ipi ilimfukuza mpiga ngoma wake siku moja kabla ya kuingia studio. Kaka alijibu kwa sauti ya chini, akiangalia glasi ya soda, kama mtu anayesoma jina lake kwenye orodha ya waliofaulu na hataki kuonekana anafurahi. Meza nyingine zikaanza kumpigia makofi. Nilifikiria miaka yote aliyopatia kwenye redio ya baba, pasipo mtu ng'ambo ile ya ziwa aliyejua kwamba Kamachumu kuna mtu anapatia. Nilitaka mama amwone. Nilitaka tu amwone, basi.

Katikati ya maswali tuligombana kidogo, kwa sauti ndogo. Nilimuuliza mama aliita vipi siku ile. Akasema aliita kwa ukali, alikuwa ameona mvua. Nikasema hapana, aliita kwa upole, mara ya pili hata alikuwa karibu kucheka. "Wewe ulikuwa mdogo," akasema. "Na wewe ulikuwa unaangalia mashine," nikamwambia. Zamani tungerudisha kanda nyuma, mmoja akaaibika, mambo yakaisha. Sasa tulibaki tunatazamana, kila mtu na mama yake.

Kijana akasema swali la mwisho ni la kusikiliza. Atacheza wimbo. Baada ya kiitikio cha pili kuna sauti ambayo si ya chombo cha muziki, imeingia kwa bahati mbaya na wenyewe wakaiacha. Ni sauti ya nini?

Gitaa moja likaanza taratibu.

Nilimshika kaka mkono wa shati. Hakuhitaji kushikwa. Mkono wake mwingine ulikuwa umeshapanda wenyewe, kidole kimekaa mdomoni, mtu mzima aliyeanza mvi na kidole mdomoni kati ya vijana. Tukanyamaza kama tulivyofundishana. Wimbo ulikuwa safi mno, kila kamba ya gitaa peke yake, hakuna mkwaruzo, hakuna nyumba. Kiitikio cha kwanza kikapita. Nilijikaza, nikafumba macho nikasubiri. Kiitikio cha pili kikaisha, magitaa yakanyamaza, mpiga ngoma akabaki peke yake, na pale mahali pake pakaja pengo. Katikati ya pengo kikaanguka kitu chepesi sakafuni. Basi. Wimbo ukaendelea.

Mlango niliokuwa nimeutunza haukuwa mlango. Nilifumbua macho nikaona ziwa dirishani na watu wanaopita na viatu vyao mkononi.

"Meza ya dirishani," kijana akaita. "Nyinyi hamjakosa hata moja."

Kaka akatoa kidole mdomoni. "Ni jamvi," akasema. "Jamvi la kahawa linaburutwa."

Watu wakacheka bila ubaya. Kijana naye akatabasamu, akasema hapo mzee umekosa, ni kijiti cha mpiga ngoma kilimponyoka, wameeleza wenyewe kwenye mahojiano. Miaka yote hiyo kijiti kilikuwa kinaanguka, na sisi hatukukisikia kwa sababu kilianguka chini ya sauti ya mama. Katika yote aliyowahi kuyajua kaka kuhusu nyimbo hizo, hilo moja lilimpita, na nilimwona usoni kwamba hakulijutia.

"Cheza tena," akamwambia kijana. "Hapo hapo."

Kijana akadhani mzee bado anabisha. Akarudisha nyuma ili kututhibitishia, kidogo kabla ya kiitikio. Safari hii kaka hakuweka kidole mdomoni. Aliweka mikono yote miwili mezani, akausikiliza wimbo ukipanda, ukijaa, ukiisha. Magitaa yakanyamaza. Na hapo, kwa sauti ya mtu anayetaka asikike hadi uani, kaka yangu akasema, "Ee, waitu, nakuja."

Meza zote zikageuka. Nami nikaitika nyuma yake, maneno yaleyale, kisha tukakaa kimya sote wawili tukingojea jamvi, ambalo halikuburutwa.